Wimbo mmoja, karatasi tano: nota ipi ni ya nani?

Parokia yetu ilipoadhimisha jubilei, kazi ya kutafuta nota niliachiwa mimi. Sikuhangaika. Nilizipata kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa kwaya: PDF safi, kurasa nne, stafu juu na solfa chini yake. Nikakimbilia steshenari, nikatoa nakala arobaini. Thelathini na sita za waimbaji, moja ya mpiga kinanda, mbili za vijana wa tarumbeta, na moja ya kaka mmoja wa saksafoni tuliyemwazima kutoka bendi ya harusi.

Mazoezi ya kwanza nikahesabu hadi nne, nikashusha mkono. Kilichotoka hapo sitaki kukieleza sana. Kila mmoja alikuwa akisoma kilichoandikwa, bila kukosea, na bado zilikuwa zikisikika nyimbo tatu kwa mpigo. Kaka wa saksafoni akashusha ala yake, akaniuliza kwa upole: "Samahani Mwalimu, hii karatasi ni yangu au ni ya waimbaji?"

Nikamjibu kwa ujasiri wote: "Nota ni nota, kaka."

Kauli hiyo bado naisikia kila mahali. Kila Krismasi inapokaribia, au kwaya inapotaka kurekodi, mtu anaandika kwenye kundi: "Naombeni nota za wimbo fulani." Mwingine anatupia PDF, watu wanashukuru kwa vikofi, mambo yameisha. Hakuna anayeuliza hizo nota ziliandikwa kwa ajili ya nani.

Tuanze na maneno yenyewe

Wimbo ni kile unachokisikia. Nota ni maelekezo ya namna ya kukitoa, na maelekezo hutegemea anayeelekezwa. Ukitaka kumwelekeza mgeni nyumbani kwako, unaweza kumtajia namba ya kiwanja, au ukamwambia "shuka kwa muuza mkaa, nyumba ya tatu kulia". Zote zinamfikisha.

Solfa ni ile ya "nyumba ya tatu kulia". Herufi d, r, m, f, s, l, t zinakwambia uko hatua ngapi kutoka kwa do. Do yenyewe iko wapi? Inaandikwa pembeni juu: Do ni G, Do ni F. Ukihamisha do, mtaa mzima unahama nayo, lakini nyumba ya tatu inabaki ya tatu. Stafu, ile mistari mitano, ni namba ya kiwanja: kila kidoa kina jina lake, liwe C au D, na hakihami.

Ufunguo ni jibu la swali "do iko wapi?" Nikisema wimbo uko kwenye E, maana yake do ni E. Skoo ni karatasi yenye sehemu zote kwa pamoja, ambayo mwalimu anaihitaji ili aone nani anafanya nini. Karatasi ya ala moja ina sehemu ya huyo mpigaji peke yake, imeandikwa kwa lugha ya ala yake. Hiyo ndiyo niliyomnyima kaka wa saksafoni.

Saa moja ya tarumbeta

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kumbe sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mfano wake mkononi. Asubuhi mshale mfupi wa saa uko kwenye 7, na wewe unasema "saa moja". Hujakosea, na saa haijakosea. Tofauti ni saa sita daima, na tangu utotoni umezoea kuiruka bila kufikiri. Taabu inaanza mgeni asiyejua mtindo huo akiambiwa "njoo saa moja", akafika saa saba mchana.

Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati, yaani B iliyoshushwa nusu toni, hatua ndogo kabisa kwenye kinanda. Mpigaji akiona C kwenye karatasi akaipuliza, masikioni inatoka B flati, toni moja chini. Klarineti ya kawaida nayo ni hivyohivyo. Saksafoni alto ni ya E flati: ikiandikwa C inasikika E flati ya chini yake, nusu toni tisa chini. Fidla, filimbi za okestra na kinanda wanasema kilichoandikwa.

Kwa nini watu wajitese hivyo? Kwa sababu ya vidole. Saksafoni zina ukubwa mbalimbali, na mfumo huu unamwezesha mpigaji kuweka alto chini, akachukua saksafoni ya tena, akaona nota ileile na kubonyeza vidole vilevile. Hesabu ya tofauti kaachiwa mwandishi wa nota. Mwandishi asipoipiga, inaibuka kwenye mazoezi.

Turudi jubilei. Wimbo wetu ulikuwa kwenye E. Waimbaji na kinanda wakaimba E. Vijana wa tarumbeta wakasoma E iliyoandikwa, ikatoka D. Kaka wa saksafoni akasoma E hiyohiyo, ikatoka G. Nyimbo tatu kwa mpigo, na hakuna aliyekosea ila aliyekwenda steshenari.

Usiku huo nikakaa na programu ya kuandikia nota nikidhani ni suala la kubonyeza kitufe. Kitufe kipo, na kilifanya kazi yake: karatasi ya tarumbeta ikatoka kwenye F shapu, shapu sita (alama za kupandisha nota nusu toni) mbele ya stafu. Ya saksafoni ikatoka kwenye C shapu. Shapu saba! Hakuna nota hata moja iliyosalimika. Nikamtumia yule kaka picha, akanijibu kwa kicheko kirefu cha sauti na sentensi moja: "Mwalimu, shusha nusu toni."

Nikashusha wimbo kutoka E hadi E flati. Tarumbeta ikawa F, flati moja tu. Saksafoni ikawa C, haina shapu wala flati. Wapigaji wa ala za kupuliza hupenda funguo zenye flati kwa sababu hiyo. Fidla na gitaa mapenzi yao yako upande wa pili, kwenye G, D na A, ambako nyuzi zao tupu zinaitikia. Kwaya ikaimba E flati na hakuna hata mmoja aliyegundua, isipokuwa soprano mmoja, mwimbaji wa sauti ya juu ya wanawake, aliyesema siku hizo sauti yake imefunguka.

Kuna mtego mwingine ambao sikuusoma popote, nilikutana nao. Ujerumani, bendi za matarumbeta za makanisa zina mapokeo yao: mpigaji wa tarumbeta ya B flati anasoma nota kama zinavyosikika, yaani akiona B flati anatoa B flati. Vidole alivyojifunza ndivyo vinavyobeba ile tofauti. Mapokeo ya Kiingereza na ya bendi za kijeshi ni yale ya "saa moja". Nchini kwetu misheni za Kijerumani ziliacha bendi, na Waingereza wakaacha bendi, kwa hiyo unaweza kuwa na vijana wawili wenye tarumbeta zinazofanana, ukawapa karatasi moja, wakatoa sauti mbili. Kabla hujachagua nota, muulize mpigaji: "Ukiona C, kwenye kinanda inasikika nini?" Swali hilo halimuudhi mtu, na linaokoa Jumamosi nzima.

Na kile kitufe cha kuhamisha ufunguo kwenye kinanda? Kinamsaidia mpiga kinanda peke yake. Tarumbeta halina kitufe hicho, wala koo la mtu. Tena akisahau kukirudisha kwenye sifuri, wimbo wa sadaka utaanzia mbinguni.

Sauti inakaa wapi?

Tukija kwa waimbaji, swali linaloulizwa mara nyingi ni "soprano inafika wapi?" Ni swali zuri, ila ni nusu ya swali. Kuinua ndoo ya maji hadi kichwani ni kazi ya sekunde mbili, mtu yeyote mwenye afya ataiweza. Ukiwa umeiinua, mwambie sasa asimame nayo mikono ikiwa juu mpaka beti tano ziishe. Nota moja ya juu kwenye kilele cha wimbo ni kuinua. Nota za juu mfululizo ni kusimama nayo. Kwaya nyingi huumizwa na hilo la pili, halafu lawama anapewa baridi au maji ya friji.

Kwa hiyo ukishika karatasi usiangalie kidoa cha juu kabisa tu. Angalia vidoa vimejazana wapi. Kwa kwaya ya kawaida isiyo na mafunzo maalumu, soprano ikizunguka ndani ya stafu na kutoka nje mara mojamoja, uko salama. Ikikaa juu ya mstari wa tano kwa ukurasa mzima, tafuta wimbo mwingine au shusha ufunguo.

Wasomaji wa solfa wana mtego wao. Wamezoea kutazama kile kialama kidogo juu ya herufi kinachoonyesha oktavu ya juu, yaani ngazi nyingine ya do hadi do. Mwalimu akiona m yenye kialama anasema "hii tunaiweza, wiki iliyopita tuliiimba". Lakini wiki iliyopita Do ilikuwa C, na m hiyo ni E ya nafasi ya juu kabisa ndani ya stafu. Do ikiwa F, m ileile ni A, mstari mmoja juu ya stafu. Do ikiwa A flati, ni C ya mistari miwili ya nyongeza, na hapo tunaongelea waimbaji wa opera. Herufi moja, kialama kimoja, vilima vitatu. Soma kwanza pembeni: Do ni nini?

Waimbaji wa tena, sauti ya juu ya wanaume, nao wana jambo lao kwenye stafu. Mara nyingi huandikiwa klefu (alama ya mwanzo wa stafu) ya G, ileile ya soprano, na chini yake kuna kijinamba 8. Hicho kinasema "imba oktavu moja chini ya ilivyoandikwa". Wapo wanaume waliokataa kuimba sauti ya tena kwa sababu waliona nota wakadhani wanatakiwa walie kama watoto.

Lakini kabla ya yote hayo, hesabu watu. Nota za sauti nne ni za kwaya yenye watu wa sauti nne. Kwaya ya watu kumi na wanne, yenye mwimbaji mmoja tu wa tena anayefanya kazi ya zamu, si kwaya ya sauti nne hata kama kwenye picha ya ukutani wako wanne. Kuna nyimbo nzuri za sauti tatu, wanaume wote wakiimba mstari mmoja wenye kimo cha wastani, wasihitaji kupanda sana wala kushuka sana. Walimu wengi wanaziona ni za wanafunzi. Mimi nasema afadhali sauti tatu zinazosikika kuliko nne ambazo moja ni kiti kitupu. Na vijana wa kiume ambao koo ndiyo kwanza linabadilika wasibebeshwe besi ya chini kwa sababu tu wamerefuka.

"Ufunguo wa mtunzi usiguswe"

Wapo wanaoamini kushusha wimbo ni kumkosea mtunzi. Tuchukue "Haleluya" ya Handel, ambayo kila kwaya ina ndoto nayo. Ipo kwenye D, na ilisikika hadharani mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Lakini D ya wakati ule haikuwa D ya leo. Uma wa kupimia sauti unaohusishwa na Handel mwenyewe, wa mwaka 1751, hutoa A ya mitetemo 422.5 kwa sekunde. Vinanda vyetu vimepimwa kwa 440. Tofauti inapita kidogo theluthi mbili za nusu toni. Kwa hiyo kwaya inayoiimba kwenye D flati leo iko karibu zaidi na alichokisikia Handel kuliko ile inayoshikilia D na kukauka koo. Wapiga fidla watanuna, maana D flati ina flati tano, lakini hilo ni la kujadiliana nao na si la dhambi.

Mwimbaji wa peke yake ana bahati zaidi: nyimbo nyingi za sauti moja na piano huchapishwa kwa sauti ya juu na kwa sauti ya chini. Ni wimbo mmoja, vitabu viwili. Ukinunua bila kusoma jalada, umenunua kiatu bila kutazama namba.

Imani nyingine ni kwamba solfa ni ya wasiosoma na stafu ndiyo ya wataalamu. Solfa tunayoitumia ilikamilishwa Uingereza karne ya 19 na mchungaji John Curwen, aliyeiendeleza kutoka kwa mwalimu Sarah Glover, ili watu wengi waimbe sauti nne bila kuwa na piano nyumbani. Wamisionari wakaileta Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule wa Afrika Kusini, alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake leo ni ya "Mungu Ibariki Afrika", aliuandika kwa solfa. Sijui nani atathubutu kuuita wimbo wa wasiosoma. Kwa mwimbaji solfa ni chombo bora, kwa sababu koo halina vitufe. Linajua umbali kutoka kwa do. Kwa mpiga ala ni shida, kwa sababu kidole chake kinatafuta kiwanja. Na wimbo unaohamahama ufunguo kila mistari miwili utamchosha hata mwimbaji wa solfa hodari. Karatasi yenye zote mbili, stafu juu na solfa chini, ndiyo ninayoitafuta kwanza kwa kwaya.

Mpiga kinanda naye tunamtendea vibaya. Tunampa zile sauti nne za waimbaji, tunasema "piga hizo". Anaweza, lakini hapo hana chake. Anawasindikiza tu kwa kurudia wanachoimba. Kama wimbo una sehemu ya kinanda iliyoandikwa, ipate. Na angalia ni ya chombo gani. Piano ina vitufe 88. Kinanda kilichopo kanisani au sebuleni mara nyingi kina 61, oktavu tano. Kipande kizuri cha piano kitafika mahali mkono wa kushoto unapiga mbao. Cha organi kitakuwa na mstari wa tatu chini, wa miguu, na mpigaji wako asiye na ubao wa miguu atabaki anautazama.

Ukivuka bahari ukaenda Unguja, mambo yanageuka. Kwenye taarabu ya okestra, karatasi inaweza kuwa na mstari mmoja tu wa sauti, fidla na ala za nyuzi za kanuni na udi wote wakiusoma huohuo, kila mmoja akiupamba kwa namna ya ala yake. Mgeni aliyelelewa na sauti nne atauliza "sehemu yangu iko wapi?" Ndiyo hiyo hiyo. Atakutana pia na flati iliyokatwa kistari, ya robo toni, ambayo kinanda cha kawaida hakina. Huko kumchagulia mpiga kinanda nota ni pamoja na kumwambia mahali pa kunyamaza.

Fotokopi ya fotokopi

Limebaki suala la karatasi yenyewe. Hizi PDF zetu nyingi zimepita mikono: mtu kanakili kwa mkono, mwingine kapiga picha, wa tatu kaichapa upya kwa kukisia. Kwenye solfa kialama cha oktavu ni kidogo kuliko mguu wa nzi. Kikipotea kwenye fotokopi, besi inaruka oktavu nzima, na kwaya tatu zitauimba hivyo miaka kumi zikidhani ndio ubunifu wa mtunzi. Linganisha nakala mbili kabla hujachapa arobaini.

Kupatikana bure kwenye simu pia si ruhusa. Kwa sheria za Tanzania na Kenya, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Handel yuko nje ya hapo zamani, ila aliyempangilia Handel upya juzi kwa ajili ya kwaya na tarumbeta ana haki yake kwenye mpangilio huo. Na watunzi wetu wengi wako hai, hawako mbali, na namba zao za simu zimeandikwa palepale juu ya karatasi.

Ile ya jubilei ilikuwa nayo. Baada ya kuhamisha ufunguo nikaona aibu, nikapiga kumwomba ruhusa mzee mwenye wimbo. Akakubali bila shida, akauliza tu nimetumia nakala ipi. Nikamtumia. Kimya kama dakika tano, kisha akapiga yeye.

"Mwalimu, huo ukurasa wa tatu, hapo besi inapopanda."

"Naam, mzee. Panapendeza sana."

"Sijaandika hivyo. Besi inashuka."